Breki Zilizonukia Langilangi

Jumapili, mwisho wa Agosti 1955. Bububu, nyumbani kwa mkwe wangu. Kipupwe bado hakijaondoka. Jua lipo lakini halina ukali, na nguo zangu za kufua zimekauka kwa upepo zaidi kuliko jua.

Daftari langu, niwie radhi. Ukurasa wa mwisho nilioandika ni wa mwezi uliopita, na huo wenyewe ni nusu, Saidi akaamka nikaacha katikati ya neno. Nimeutazama leo na neno lenyewe silikumbuki lilikuwa lipi.

Na wewe Dada Rukia, utakayezisoma kurasa hizi huko Mombasa, nisamehe zaidi. Tuliagana siku unaolewa kwamba kila mmoja ataandika siku zake ampelekee mwenziwe, na zako zimenifikia mara mbili bila ya mimi kujibu hata mstari. Nilichokuletea ni kijibarua cha haraka tu: mwambie shemeji atafute mipira minane ya breki na kopo la mafuta yake. Sikusema kwa nini. Najua ulikaa na wasiwasi.

Udhuru wangu si mkubwa. Saidi anaota meno. Asha ametimia miaka minne na haachi kuuliza. Halafu kwa wiki mbili hizi sipo kwangu Malindi ya mjini, nipo hapa kwa Bi Kazija, mama yake Baba Asha, na daftari lilibaki mjini ndani ya kasha. Limeletwa leo adhuhuri.

Nimechoka. Lakini ni uchovu wa mtu aliyeutua mzigo, si wa mtu aliyeubeba.

Nianze na siku ile. Tulikuwa tunatoka Dole kumjulia hali shangazi yake Baba Asha, mimi nyuma na watoto, Saidi mapajani. Tulipoanza kuushuka mteremko wa kujia Bububu, Baba Asha akakanyaga breki na mguu ukazama mpaka chini, kama aliyekanyaga tope. Akakanyaga tena. Niliiona shingo yake ilivyokaza. Akaivuta breki ya mkono, akarudisha gia, gari ikalia kama inakatwa, na bado inakwenda. Basi akaiacha njia, akaitia kwenye shamba la muhogo.

Matuta ya muhogo ndiyo yaliyotushika. La kwanza tulilivuka, la pili tulilivuka, la tatu likakataa.

Asha akapiga makofi: "Baba, tena!"

Dada, sikulia pale. Nililia baadaye, nilipokuwa namvua Asha viatu na kuukuta udongo wa shamba ndani yake. Lakini pale pale kwenye muhogo nilimwambia baba yao: mimi na watoto wangu hatuingii tena ndani ya gari hii mpaka niione inasimama kwa macho yangu mwenyewe.

"Inshallah," akasema.

"Iwe inshallah ya kweli, isiwe ya kunipoza."

Wenye shamba wakaja kutusaidia kusukuma, na gari ikafika hapa uwanjani kwa Bi Kazija. Ikapandishwa juu ya magogo ya mnazi, magurudumu yakavuliwa, na sisi tukabaki hapa. Baba Asha akawa anakwenda mjini kwa miguu na kurudi kwa miguu, na maneno anayoyarudia njiani kote ni yale yale: Fundi Makame.

Fundi Makame ni mtu wa Tumbatu, ana kibanda chake Darajani, na ndiye aliyezitengeneza breki zetu kabla ya mwezi wa Ramadhani. Baba Asha akasema Makame kamtilia mipira mibovu. Alisema nyumbani. Akasema na msikitini, kwenye baraza, baada ya sala ya Ijumaa, watu wakisikiliza: "Yule bwana kidogo anizikie watoto." Na neno kama hilo likishasemwa barazani halirudi. Ndani ya wiki moja tukasikia madereva wawili wa Bububu wamemhama Makame.

Mimi nilisema nini? Nilisema, "Mwenyezi Mungu amhukumu." Naandika hivi nione aibu kila nikifungua ukurasa huu.

Kifurushi chenu kiliingia Alhamisi kwa meli. Ahsante, na shemeji mwambie ahsante. Mipira ilikuwa ndiyo yenyewe, na kopo limefungwa vizuri. Jana asubuhi Baba Asha akatandika jamvi ubavuni mwa gari, akaanza na gurudumu la mbele. Nikakaa karibu nikimnyonyesha Saidi, kwa sababu alitaka mtu wa kumpokea vitu na kuvipanga visichanganyike.

Tuliozoea kupanda gari tu hatujui kilichomo. Ndani ya gurudumu mna vyuma viwili vilivyopinda kama mwezi mchanga. Ukikanyaga breki, mafuta yanapita kwenye paipu mpaka kwenye kijipampu kidogo, na ndani ya kijipampu mna vikombe vya mpira, vidogo kama ncha ya kidole gumba, ndivyo vinavyovisukuma vile vyuma vikamate. Vikombe vikiharibika, mafuta yanavuja, na mguu unazama kama ulivyozama siku ile.

Baba Asha akakichomoa kikombe cha kwanza. Kilikuwa kimevimba na kulegea kama mkate wa mofa uliosahauliwa kwenye mchuzi.

"Unaona?" akasema. "Unaona kazi ya Makame?"

Akanipa nikipange. Nikakishika. Nikakileta puani, sijui kwa nini. Sisi wanawake kila kitu tunanusa.

Nazi. Na juu ya nazi, langilangi.

Nilinusa mara ya pili nikitumai nimekosea. Sikukosea. Kile kikombe cha breki kilinukia kichwa changu mimi.

Hebu nieleze, maana hapa ndipo penyewe. Unajua napika mafuta yangu ya nywele mwenyewe, natia maua ya langilangi na asumini kama alivyokuwa akitia mama. Unajua pia kopo zuri halitupwi kwetu. Mwezi wa sita Baba Asha alimaliza kopo la mafuta ya breki, kopo lenye kifuniko cha kuzungusha, kisichovuja hata ukilipindua. Nikalitamani. Nikalichemshia maji, nikalisugua kwa majivu na sabuni, nikaliosha mara nne, nikatia mafuta yangu, nikaliweka dirishani. Maandishi ya nje sikuyabandua. Nani angeyasoma?

Baada ya siku chache kopo likatoweka. Nikamdhania jirani yangu wa chini, Bi Nasra. Sikumwambia kitu, lakini kwa wiki nzima sikumpelekea kachori, na yeye masikini hajui alilokosa.

Kumbe aliyelichukua ni mwenye kopo lake. Amepita, ameliona dirishani, akasema haya, kumbe bado lina kitu, akalitia kwenye buti ya gari. Na kila mafuta ya breki yakipungua, anaongeza.

Na dalili zilikuwepo! Mwezi mzima analalamika asubuhi breki nzito, adhuhuri inalainika. Mimi namsikia, na asubuhi hiyo hiyo mafuta niliyobakiza kwenye kibakuli yameganda kwa baridi ya kipupwe, nayasugua viganjani mpaka yayeyuke. Mambo mawili hayo yalikaa kichwani mwangu bila ya kusalimiana.

Basi nimekaa pale jamvini na kikombe mkononi, mtoto kifuani. Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza, na sitaki kusema uongo kwenye daftari langu: niliifikiria. Mipira mipya ipo. Ya zamani itatupwa. Makame ameshatukanwa, na matusi yameshakauka. Bi Kazija yupo kizingitini anachambua mchele, na mkwe wangu tangu siku ya harusi ananiona mimi ni mtoto wa mjini asiyejua kuweka kitu mahali pake. Nikimpa hili, atalila mwaka mzima.

Nikanyamaza. Gurudumu la kwanza likaisha, la pili likaisha. Akaenda nyuma, akamaliza yote manne, mimi napokea na kupanga. Nikajiambia nitamwambia tukirudi kwetu, tukiwa wawili.

Kisha akafungua buti. Kopo lenu jipya lilikuwa pale jamvini, halijafunguliwa. Yeye akatoka na lile langu.

"Hili la kale halijesha," akasema. "Tulimalize kwanza, jipya tuliweke akiba."

Akaanza kukizungusha kifuniko.

Dada, nilisimama na Saidi bado ananyonya. "Usitie!"

"Ah! Kwani vipi?"

"Hayo si mafuta ya breki. Hayo ni mafuta yangu ya nywele."

Akanitazama kama anayesubiri nicheke. Nikamweleza yote, kopo, majivu, dirisha, kuganda, vikombe. Nilieleza kwa kasi kama mtoto anayesoma sura aliyoihifadhi, nikiogopa nikisimama nitashindwa kuendelea. Nikamalizia: "Makame hana kosa. Tumemsingizia. Na ungetia tena sasa hivi, ungetutia muhogoni mara ya pili."

Akakifungua kifuniko, akanusa. Alikaa muda mrefu na pua juu ya kopo lile.

Sikumwogopa yeye. Baba Asha si mtu wa kupiga kelele. Akikasirika huenda kisimani akanawa uso. Niliyekuwa namsubiri ni mama yake. Ungo ukawekwa chini. Bi Kazija akatoka kizingitini, akaja mpaka kwenye gari, akalichukua kopo mkononi mwa mwanawe, akanusa na yeye. Nikainamisha kichwa.

"Langilangi," akasema. Halafu akamgeukia mwanawe. "Mafuta ya nazi, yametiwa langilangi, yametiwa na asumini. Umemimina mwezi mzima. Pua yako ilikuwa imesafiri?"

"Mama, mimi nilisoma nje ya kopo…"

"Umesoma! Mke wako analala na harufu hii kila siku ya Mungu, wewe unaijua kwa kusoma?"

Nilijizuia. Wallahi nilijizuia. Lakini mabega yalinisaliti, na nilipomwona Baba Asha naye anauma mdomo, tukacheka sote watatu mpaka Saidi akaacha ziwa akatutazama. Bi Kazija alikuwa wa kwanza kunyamaza. "Haya, mmecheka. Na yule mtu wa watu?"

Hapo Baba Asha akaenda kisimani, akanawa uso. Akavaa kanzu na kofia, akaondoka bila ya kunywa chai.

Alichozungumza na Fundi Makame sikijui chote. Ninachokijua ni kwamba hakuanzia kibandani. Alianzia kwenye baraza ya msikiti, pale pale aliposemea, akawaambia waliokuwepo kwamba alimsingizia fundi, kosa limetoka nyumbani kwake. Hakusema mke wangu. Alisema nyumbani kwangu. Halafu akachukua baiskeli ya rafiki yake mpaka Darajani.

Alasiri nikaona baiskeli mbili zinaingia uwanjani. Nikavuta kanga yangu vizuri, nikatoka kabla ya kuitwa.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Bi Zuwena."

"Fundi, mwenye kosa ni mimi. Nilisikia unasemwa, nikaitikia. Nakuomba msamaha."

Ni mtu mfupi, ana mvi kwenye ndevu tu, na macho ya kuchekacheka. Akainama kwenye gurudumu, akanusa, akavuta pumzi tena kwa raha zake. "Miaka yote nimefungua magari," akasema, "breki zimeninukia petroli, zimeninukia samaki, moja ilininukia panya. Ya kunukia kama bibi harusi ndiyo ya kwanza."

Kisha akakaa kitako jamvini, na sauti ikabadilika. "Mama, neno lile liliniuma, sitaki kukwambia halikuniuma. Lakini mumeo amelirudisha alipolichukua. Yamekwisha."

Yamekwisha. Neno dogo hili nimelikumbuka usiku na asubuhi.

Na ingekuwa hatukumwendea, Dada, tungebaki na gari mbovu tukidhani nzima. Alituuliza kitu ambacho Baba Asha hakukijua: mpira wa pampu kubwa ya mbele, ule unaopokea mguu wa dereva, tumeubadilisha? Hatukuubadilisha. Hatukuagiza hata. Ndio uliokunywa mafuta yangu kabla ya wenziwe wote. Akaufungua: umevimba. Akatoa kwenye mfuko wake mpira mmoja aliokuwa amejiwekea kwa kazi ya mtu mwingine, akatutilia sisi. Paipu zote akatuambia tuzisafishe kwa spiriti, ile ile ya kuwashia jiko la stovu, na chupa ya Bi Kazija ikaisha yote. Akatuonya: mafuta ya nazi ni adui wa mpira, hata tone. Akanywa chai, akala mkate wa kumimina, akasema anasubiriwa Mahonda, na kutoa upepo kwenye mapaipu si kazi yake. Inataka watu wawili tu, mmoja wa spana na mmoja mwenye mguu wa subira.

"Mguu wa subira ninao mimi?" aliuliza Baba Asha, Fundi alipoondoka.

"Huna," mama yake akamjibu kutoka ndani. "Mpe mkeo."

Hivyo ndivyo nilivyokaa kiti cha dereva kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Gari iko juu ya magogo, haiendi popote, na bado niliushika usukani kwa mikono miwili. Yeye amelala chini nyuma ya gurudumu, simwoni, nasikia sauti yake tu: "Kanyaga. Shikilia. Achia. Kanyaga. Shikilia…" Nikikanyaga, anafungua skrubu kidogo, upepo unatoka pamoja na mafuta, anafunga, naachia. Gurudumu baada ya gurudumu. Wanawake wawili wa jirani walipita na ndoo zao, wakasimama.

"Wee Zuwena! Safari ya wapi hiyo?"

"Makunduchi," nikawajibu. "Pandeni."

"Tutafika lini?"

"Muulizeni aliyelala chini."

Mwanzo mguu ulizama. Baadaye ukawa unazama nusu. Halafu, gurudumu la mwisho, nikakanyaga na chini ya mguu wangu kitu kikasimama. Kigumu, kimetulia, kama mtu aliyeushika mkono wako na hataki kuuacha. Nikakanyaga tena kuhakikisha. Kikasimama tena.

Baba Asha akauliza chini kule, "Vipi?" Nikamwambia, "Ipo."

Leo asubuhi tumeijaribu. Kwanza yeye peke yake, njia ya tambarare, nenda rudi, nenda rudi. Halafu nikamwachia Bi Kazija watoto wote wawili, nikavaa buibui, nikakaa mbele. Baba Asha alitaka kupita njia ya mjini. Nikamwambia hapana, mteremko ule ule. Hakubisha. Tukapanda mpaka juu, tukageuza, na tukaanza kushuka. Nilijishika kwenye mlango. Pale pale ubavuni mwa shamba la muhogo, matuta yetu bado yamevunjika, akakanyaga.

Gari ikasimama.

Ikasimama kama iliyoambiwa kwa adabu. Nikamwambia ashuke kidogo akanyage tena. Ikasimama. Mara ya tatu nilisema, "Basi, baba, nimeamini," na hapo ndipo machozi yakanitoka, si ya huzuni. Alhamdulillahi. Alhamdulillahi. Mwenye shamba alikuwa anapalilia. Akatupungia jembe, na kwa yakini aliiangalia gari mpaka ilipokwisha kupita.

Adhuhuri Baba Asha amekwenda mjini na gari, akaniletea daftari na nguo za watoto. Kesho tunarudi kwetu. Bi Nasra nitampelekea kachori sahani nzima, na nitamwambia sababu, akicheka na acheke.

Najiuliza kitu kimoja tu. Kama lile kopo la kale lingekuwa limekwisha jana, na yeye akafungua jipya bila ya kunilazimisha, ningesema? Ningemwacha Makame na neno lile mgongoni? Napenda kuandika kwamba ningesema. Siandiki, kwa sababu sijui. Ninachojua ni kwamba tangu nimesema nimelala usingizi mzima, isipokuwa pale Saidi alipotaka.

Kurasa hizi nazichana nazitia kwenye bahasha, ziwahi meli ya Jumatano. Gari inakwenda, lakini Fundi ametupa sharti: viatu vya breki, vile vyuma vilivyopinda, vya gurudumu la nyuma la kushoto vililowa mafuta, amevisafisha kwa petroli na kuvipiga msasa, vinafaa kwa mwendo wa polepole tu. Nimemwambia Baba Asha mpaka vipya vije, ni Bububu na mjini, watu wazima wawili tu, na mteremko wa Dole hauoni. Amekubali mbele ya mama yake, kwa hivyo hana pa kukimbilia.

Basi mwambie shemeji tunavyohitaji bado ni hivi, na asibadilishe:

Viatu vya breki vya nyuma, jozi mbili, kwa sababu Fundi anasema havibadilishwi upande mmoja. Cha zamani kimoja nilikizungushia penseli juu ya karatasi, karatasi nimeitia humu, apime.

Vikofia vya mpira vya kufunikia skrubu za kutolea upepo, viwili. Kimoja kimepasuka, kimoja Asha amekificha na hasemi wapi.

Kopo moja la mafuta ya breki, dogo.

Na mpira wa pampu kubwa, mmoja, wa inchi moja kasoro thumuni, yaani sehemu moja ya nane. Huo si wetu, ni wa Fundi Makame, aliutoa kwenye kazi ya mtu akatutilia sisi, na yule mtu anamsubiri. Kama meli ya kwanza ina nafasi ya kitu kimoja tu, Dada, leteni huo.